Masta ya mawasiliano ya kiufundi ukiwa Dar: pa kuanzia na vitu vya kufanya kabla hujalipa hata senti

Nikisema nimesoma masta ya mawasiliano ya kiufundi watu wananiuliza kama nafunga minara ya simu. Mama mkwe mpaka leo anaamini mi ni fundi, ana redio yake haishiki stesheni na ameniwekea kabatini toka mwaka juzi.

Tuelewane basi. Hii ni kazi ya mtu anayekaa katikati ya fundi na mtumiaji. Fundi anaujua mtambo, mtumiaji anataka shida yake iishe aende zake, na wewe ndo unaandika kinachowaunganisha: kitabu cha inveta ya sola, utaratibu wa usalama kiwandani, maelezo ya API (njia ya programu moja kuongea na nyingine) ambayo madevelopa wanasoma, kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa, hata ile meseji ya "imeshindikana, jaribu tena" ambayo haikwambii kilichoshindikana ni nini. Yote hayo kuna mtu kayaandika, na mara nyingi kayaandika akiwa na haraka.

Naandika kwa mtu aliyepo Dar, ana digrii ya kwanza, iwe ya IT, uhandisi, uandishi wa habari, Kiswahili au ualimu. Usiogope kwamba hukusoma kompyuta, darasani kwetu nusu walikuwa walimu wa lugha na hawakuwa wa mwisho.

Hatua ya kwanza: andika karatasi moja, kampe mtu aitumie

Najua ulikuja kutafuta majina ya vyuo, yanakuja, subiri kidogo. Ukiruka hii hatua utaaplai kwa maneno matupu na wanaosoma maombi wanayajua maneno matupu.

Chagua kitu kidogo cha hapa hapa mjini. Kuingiza tokeni ya Luku, kupanda kivuko cha Kigamboni kwa N-Card, kurudisha hela uliyotuma kwenye namba siyo. Andika maelekezo ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, halafu mtafute mtu ambaye hajawahi kufanya hicho kitu, mpe karatasi, kaa pembeni na daftari na UFUNGE MDOMO. Hapo kwenye kufunga mdomo ndo pagumu, mikono itakuwasha kumwonyesha, vumilia.

Mi nilianza na Luku kwa shangazi yangu Mbagala, maana kila umeme ukikatika alikuwa anasubiri kijana wa jirani. Nikaandika vizuri kabisa, hatua tano: ingiza tarakimu zote 20, bonyeza enta, basi. Nilijiona mwandishi. Shangazi akaanza, akafika tarakimu ya 17 akakosea, akasimama, akanitazama, karatasi yangu haikuwa na neno hata moja la jinsi ya kufuta. Akarudia upya, akafika mwisho, akaitafuta enta, mita yake haina neno enta popote, ina kitufe chenye kishale. Dakika kumi na moja gizani na tochi ya simu mdomoni, kwa karatasi niliyoiandika mimi.

Baadaye darasani nikakuta haya mambo yana wenyewe. Miaka ya 80 jamaa anaitwa John Carroll akiwa IBM aliwachunguza watu wanaojifunza mashine mpya akaona hawasomi kitabu toka mwanzo mpaka mwisho, wanarukia kazi, wanakosea, wanakwama. Akasema basi kitabu kiwe kifupi, kianze na kazi yenyewe, na kimsaidie mtu kutoka pale alipokosea. Mi niliandika njia ya mtu asiyejikwaa, na mtu wa hivyo hana haja ya karatasi yangu.

Rekebisha, mpe mtu mwingine, rekebisha tena. Tunza matoleo yote, usifute lile la kwanza la aibu, lina kazi yake.

Hatua ya pili: chuo

Hapa Dar vipande vya hii fani vimetawanyika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lugha na tafsiri ziko TATAKI, taasisi yao ya Kiswahili, kompyuta wako CoICT, ndaki yao ya TEHAMA pale Kijitonyama, uandishi wa habari una shule yake. Mtu anaweza kuchukua masta ya kimojawapo akaandika tasnifu yake kuhusu miongozo ya watumiaji, ni njia halali kabisa na haina viza.

Ukitaka shahada yenye jina lenyewe, Marekani ndo wana historia ndefu nayo: North Carolina State University, University of Minnesota, Texas Tech, Utah State. Texas Tech na Utah State zinasomesha kwa mtandao, na kwa mtu wa Dar mwenye kazi na familia hilo ni jambo kubwa. Ulaya kuna University of Limerick kule Ireland, wao wameiunganisha na ufundishaji wa mtandaoni. Ujerumani nako fani ina nguvu sana viwandani kwa sababu sheria ya Ulaya inamlazimisha anayeuza mashine aweke na maelekezo, kwa lugha ya nchi inapouzwa. Wenzetu wanaajiri watu kwa sababu sheria imewashika shati.

Onyo dogo. Makala nyingi za zamani zitakwambia jiunge na STC, chama cha waandishi wa kiufundi cha Marekani, wana skolashipu, wana mikutano. Kilianzishwa 1953 na kimefilisika, kikafungwa Januari 2025. Ukikuta ushauri unaokutuma huko ujue na vingine kwenye hiyo makala vimechacha.

Kama unafikiria kwenda Marekani kimwili, masharti ya viza kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wao KABLA hujalipa ada ya maombi ya chuo, sio baada. Hela ya maombi hairudi.

Ukishapata vyuo vitatu vinne, usisome ukurasa wa mbele wenye picha za watu wanacheka kwenye nyasi. Nenda kwenye orodha ya kozi. Angalia mangapi ni nadharia na mangapi ni ya kutengeneza vitu, mwisho unaandika tasnifu au unatoa potifolio (mkusanyiko wa kazi zako), na kama ni onlaini, je kuna vipindi vya kuhudhuria kwa saa maalum? Hili la mwisho liulize kwa imeili, na uulize ni saa ya wapi. Texas tunapishana nao masaa 8, na wakibadilisha saa zao Novemba mpaka Machi yanakuwa 9. Kipindi cha jioni kwao saa kumi na mbili kwako ni saa nane usiku, ikifika Novemba ni saa tisa. Mi nilisoma hivyo Sinza kwenye chumba kimoja na mtoto mchanga, nikawa nachangia mada kwa kunong'ona, mwalimu akadhani ndo sauti yangu, siku nilipoongea kawaida mchana akashtuka.

Hatua ya tatu: makaratasi, anza mapema kuliko unavyodhani

Vyuo vingi vya Marekani muhula mkubwa unaanza Agosti na dedilaini zinaangukia kati ya Desemba na Machi, kila chuo na yake. Hesabu kurudi nyuma miezi sita.

Pasipoti ni 150,000. Hata kama unasoma onlaini, kuwa nayo, kwenye mtihani wa Kiingereza itatakiwa. Majina yafanane: cheti cha form four, cha chuo, NIDA, pasipoti. Kama kimoja kinasema Juma H. Ally na kingine Juma Hamisi Ali nenda kwa wakili ukale kiapo sasa hivi, usisubiri chuo kiulize.

Transkripti. Hapa wengi wanajichongea bila kujua. Vyuo vyetu vingi GPA ni kati ya 5, wao ni kati ya 4. Ukiandika "GPA 3.8" peke yake, msomaji wa kule anaona mtu wa maajabu, halafu akifungua transkripti anaona ni upper second, na hapo umeonekana kama ulitaka kumzunguka. Andika 3.8 kati ya 5.0 siku zote, na usijigeuzie mwenyewe kwa kikokotoo, wana wataalamu wao wa kugeuza.

Kiingereza: IELTS na TOEFL matokeo yake yanaishi miaka miwili tu, usifanye mapema ukajisifu yakaisha. Kabla ya kulipia mtihani uliza kama wanakubali barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Wengine wanakubali, wengine hawataki kusikia, kuuliza ni bure.

GRE, ule mtihani wa jumla wa kuingilia masta Marekani, vyuo vingi vya fani hii wameiacha. Soma masharti yao, usitoe hela kwa kusikia.

Hatua ya nne: barua za walimu

Hapa nikae kidogo maana ndo panapoua watu. Kawaida wanataka tatu. Mfumo unamtumia mwalimu linki kwenye imeili yake ya chuo, na huyo Dokta wako ana imeili ya chuo ambayo mara ya mwisho kuifungua hajui lini. Kwa hiyo usitume linki halafu ukalala. Nenda mwenyewe. Panda gari mpaka Mlimani, kaa kwenye lile benchi la nje ya ofisi, shikamoo Profesa, mimi fulani, mwaka fulani nilikuandikia utafiti wa kitu fulani. Hakukumbuki. Usiumie, kawafundisha maelfu, we umekuja kumkumbusha.

Mpelekee karatasi moja (iliyochapwa, sio PDF kwenye WhatsApp): jina lako, kozi alizokufundisha na alama, kazi gani ulifanya chini yake, unaomba nini na kwa nini, dedilaini kwa saa zetu. Wengi watakwambia "andika mwenyewe uniletee nisaini". Ukikataa unaonekana unaringa, ukikubali barua tatu zinatoka na mwandiko mmoja na wasomaji wa kule wananusa. Nilichofanya mi nilimwambia Profesa, naomba nikuletee mambo matano ya kweli niliyoyafanya, maneno yatoke kwako. Wawili walikubali. Wa tatu nilimwacha kwa heshima nikamtumia bosi wangu wa kazini, na ile ndo ikawa barua bora maana alieleza kitu alichokiona kwa macho.

Halafu kumbusha wiki mbili kabla, wiki moja kabla, na siku tatu kabla. Kwa upole. "Profesa habari za kazi, nilikuwa nakusalimia tu" na yeye anajua kabisa sio salamu.

Hatua ya tano: barua ya kujieleza

Usianze na "toka nikiwa mdogo nilipenda kuandika". Anza na shangazi yako na mita. Yaani anza na siku maelekezo yalipomshinda mtu mbele ya macho yako, ulibadilisha nini na ikawaje. Ndo maana nilikwambia utunze matoleo.

Pili, Kiswahili chako ni mtaji, usikifiche kama aibu. Chukua mfano wa dawa mseto ya malaria. Dozi ya pili inanywewa masaa 8 baada ya ile ya kwanza. Sasa mwandikie mgonjwa "dozi ya pili: saa 8". Kwa Mswahili saa 8 ni mchana baada ya swala ya adhuhuri, au ni usiku wa manane, haina uhusiano na masaa yaliyopita toka alipokunywa. Kaanza dozi saa tatu asubuhi, ya pili ilitakiwa saa kumi na moja jioni, yeye kainywa saa nane mchana. Hakuna neno lililokosewa pale, hata mhariri angepitisha. Mtu aliyekulia kwenye saa za Kiswahili analiona hilo bila kuambiwa, na chuo kinachofundisha kuandikia watu wa lugha nyingi kinamtaka huyo mtu. Andika mfano wako wa namna hii, sio huu wangu tafadhali, tusije tukawatumia wote dawa mseto.

Tatu, taja mwalimu mmoja au wawili wa pale ambao umesoma kazi zao KWELI. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Hela, kwa kifupi

Anayekwenda kusoma kimwili Marekani aulize kuhusu nafasi za kufundisha au kusaidia utafiti, mara nyingi zinafuta ada na kukupa posho, na kazi yenyewe mara nyingi ni kufundisha uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Anayesoma onlaini mara nyingi hizo hana, analipa kwa kozi, kwa hiyo chukua moja au mbili kwa muhula na usione aibu kumaliza polepole.

Kadi ya benki ijaribu mapema kwa malipo madogo ya nje. Yangu ilikataa mara tatu usiku wa dedilaini, huduma kwa wateja wananiambia niende tawini Jumatatu na mi nina masaa machache tu. Kilichoniokoa ni kwamba dedilaini ya saa 11:59 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani mwezi Januari kwetu ni karibu saa mbili asubuhi ya kesho yake, nikaazima kadi ya jirani alfajiri, nampa keshi mlangoni kavaa msuli.

Ukishapokelewa: miezi kabla ya kuanza

Usinunue softiwea. Kuna programu za kuandikia miongozo zinauzwa bei ya pikipiki, na zile unazozihitaji chuo kitakwambia uzipateje kama mwanafunzi. Jifunze Markdown, namna ya kupanga maandishi kwa alama rahisi kama nyota na reli, ni ya bure, ipo toka 2004, jioni moja umeijua. Jifunze Git, chombo cha kutunza matoleo ya mafaili, angalau ile ya kuhifadhi na kurudisha, maana sehemu nyingi za kazi sasa miongozo inatunzwa kama msimbo (code) wa programu. DITA isikie tu jina kwanza, ni namna ya kuandika vipande vipande ili kipande kimoja kitumike kwenye vitabu kumi, utakutana nayo.

Na fanya kitu kimoja cha wazi ambacho watu wanaweza kukiona: tafsiri au rekebisha maelezo ya programu huria. Hata sisi tuna historia hapo, Jambo OpenOffice ya Kiswahili ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2004.

Intaneti jipange. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na mji mzima ukawa unazungusha duara. Pakua masomo yote ya wiki mbili mbele, kuwa na bando la mtandao wa pili, na kazi ya Jumapili itume Jumamosi.

Wiki za mwanzo

Utashtuka. Mi nilienda nikidhani nitafundishwa programu, wiki ya kwanza nikapewa makala ya mwaka 1979 ya Carolyn Miller wa North Carolina State, hamna picha hata moja, inabishana na wale wanaoona uandishi wa kiufundi ni kioo safi cha kupitishia ukweli. Anasema hapana, unaandika ukiwa ndani ya jamii ya watu wenye namna yao ya kuelewana. Nilisoma mara tatu, sikuelewa. Nikaelewa siku niko kazini tunagombania neno la kwenye app: mmoja anataka nywila maana ndo sanifu, mwingine anasema mteja wa Tandika hajui nywila anajua paswedi, wa tatu anasema kwa hela watu wanasema namba ya siri. Wote wako sahihi, swali ni unaongea na akina nani. Nikarudi kwenye makala ikasomeka.

Kwa hiyo nadharia usiichukie, itafutie mfano wa mtaani kwako kila wiki, andika pembeni ya ukurasa.

Walimu watakwambia uwaite kwa jina la kwanza. Ulimi ukikataa sema Profesa, hawakasiriki. Ila kukaa kimya kwa heshima kule hakusomeki kama heshima, kunasomeka kama hujasoma, na ushiriki una alama. Andaa sentensi mbili kabla ya kipindi na uwe wa kwanza au wa pili kuongea, ukisubiri watu wamalize hawamalizi. Kuhusu kutumia akili bandia soma sheria ya kila kozi maana zinatofautiana hata ndani ya chuo kimoja, na manukuu jifunze APA, ule mtindo wa kutaja vyanzo, mapema.

Asaimenti ya kwanza kwangu ilikuwa kujaribisha maelekezo kwa mtumiaji halisi na kuandika ripoti. Wenzangu wakaanza kutafuta cha kujaribisha, mi nikatoa karatasi ya Luku na matoleo yake yote. La sita ndo limebandikwa hadi leo pembeni ya mita ya shangazi, na juu kabisa, kabla ya hatua yangu ya kwanza, ameongeza mwenyewe kwa kalamu nyekundu: VAA MIWANI.